Kutoka Saa za Tangi hadi Siku za Bwawa: Historia ya Ukokotoaji wa Mtiririko katika Utibuji wa Majitaka, 1851–1992

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja: majitaka yakishaingia katika tangi la kutibia, hukaa humo kwa muda gani? Jibu linalofundishwa kwanza ni la kugawanya. Tangi lenye ujazo wa mita za ujazo 900, likipokea mita za ujazo 300 kwa saa, linasemekana kuyahifadhi maji kwa saa 3. Hesabu hiyo haina kosa la tarakimu. Hata hivyo, karibu kila hatua muhimu katika usanifu wa matangi na mabwawa tangu mwanzo wa karne ya 20 imetokana na mtu fulani kuitilia shaka. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shaka mbili kubwa kuliko zote ziliwekwa wazi katika andiko moja la mwaka 1904, na kwamba mojawapo ilipata uzito wake kamili si katika matangi ya Ulaya na Marekani yaliyoizaa, bali katika mabwawa ya Afrika ya Kati na Mashariki zaidi ya nusu karne baadaye.

Kabla ya kuendelea ni vyema kufafanua istilahi, kwa kuwa Kiswahili cha kiufundi bado hakijakubaliana juu yake. Neno "kasi" hutumiwa na waandishi wengi kwa dhana mbili zilizo tofauti: ujazo wa maji unaopita kwa muda fulani, na umbali ambao maji husafiri kwa muda fulani. Katika makala haya "mtiririko" ni ujazo kwa muda (mita za ujazo kwa saa au kwa siku), na "kasi" ni urefu kwa muda (mita kwa saa). "Muda wa ukaaji" ni ujazo wa tangi uliogawanywa kwa mtiririko. Utenganisho huu si wa kupendezesha lugha tu. Kama itakavyoonekana, kiini cha mchango wa Allen Hazen ni kuuchukua mtiririko, kuugawanya kwa eneo la uso wa tangi, na kugundua kwamba kinachopatikana ni kasi. Msomaji aliyezoea kuviita vyote viwili "kasi" hataona kwamba kuna lolote lililogunduliwa.

Matangi yaliyopangwa kwa saa

Msingi wa kifizikia ulikuwapo mapema. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alionyesha kwamba chembe ndogo ya duara inayozama katika kimiminika hufikia kasi isiyobadilika, na kwamba kasi hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kipenyo chake: chembe yenye kipenyo maradufu huzama mara nne kwa upesi. Lakini kwa miongo mitano iliyofuata wajenzi wa matangi ya majitaka hawakuitumia kanuni hiyo kuamulia vipimo. Walipanga kwa saa. Louis Mouras wa Vesoul, Ufaransa, alipata hataza ya tangi lake lililofungwa mwaka 1881. Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter, Uingereza, alijenga katikati ya miaka ya 1890 tangi alilolipa jina ambalo limebaki hadi leo katika maungo ya Kiswahili kama "septiki". Tangi la Cameron lilikusudiwa kuyahifadhi maji kwa takriban siku nzima. Karl Imhoff, katika bonde la mto Emscher nchini Ujerumani, alitenganisha mwaka 1906 chumba cha juu cha kutuamisha na chumba cha chini cha kuozeshea tope, na kwa utenganisho huo akaweza kupunguza muda wa chumba cha juu hadi saa chache tu, maana maji mabichi hayakuhitaji tena kulisubiri tope lioze.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika hali zote hizo kipimo kilikuwa muda. Mantiki yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuacha ndoo ya maji ya mto ituame usiku kucha: kadiri unavyosubiri ndivyo maji yanavyong'aa. Ndoo ndiyo iliyokuwa mfano wa fikra, na ndoo haina maji yanayoingia wala yanayotoka.

Andiko la 1904

Allen Hazen alikuwa mkemia aliyeongoza Kituo cha Majaribio cha Lawrence, Massachusetts, kilichoanza kazi mwaka 1887 na ambacho kilikuwa mahali pa kwanza Marekani kuutazama usafishaji wa majitaka kama somo la maabara. Mwaka 1904 alichapisha katika kumbukumbu za Jumuiya ya Wahandisi Ujenzi wa Marekani makala marefu juu ya utuamaji. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo yafaa yatazamwe moja moja.

La kwanza linahusu kina. Tulichukue tena tangi letu la mita za ujazo 900, tuliwekee urefu wa mita 30, upana wa mita 10 na kina cha mita 3. Mtiririko ni mita za ujazo 300 kwa saa. Maji husonga mbele kwa kasi ya mita 10 kwa saa, nayo hufika mwisho baada ya saa 3. Chembe iliyoingia juu kabisa itafika sakafuni kabla ya kutoka iwapo itazama kwa kasi isiyopungua mita 1 kwa saa. Sasa tuchimbe tangi liwe na kina cha mita 6. Ujazo umekuwa maradufu, muda wa ukaaji umekuwa saa 6, gharama ya uchimbaji imepanda. Je, ni chembe gani itakayokamatwa? Maji husonga kwa mita 5 kwa saa na kufika mwisho baada ya saa 6. Lakini chembe sasa ina mita 6 za kuzama. Inahitaji kasi ileile ya mita 1 kwa saa. Hakuna kilichopatikana.

Kasi hiyo ya mita 1 kwa saa haitoki katika kina wala katika muda. Inatoka katika mtiririko wa mita za ujazo 300 kwa saa uliogawanywa kwa eneo la uso la mita za mraba 300. Ndiyo maana Hazen aliweza kupendekeza kwamba tangi likitiwa sakafu za katikati, kama rafu za kabati, litafanya kazi ya matangi kadhaa bila kuongezewa ujazo. Pendekezo hilo halikutekelezwa kwa mapana wakati wake, kwa sababu ya ugumu wa kuondoa tope kwenye sakafu hizo, lakini mabamba na mirija ya mshazari inayotumiwa leo katika matangi ya kutuamisha ni wajukuu wake wa moja kwa moja.

Jambo la pili husahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lenye kina zaidi. Hesabu iliyofanywa hapo juu huchukulia kwamba maji husonga kama gari moshi, behewa la mbele likitangulia na la nyuma likifuata. Hazen alijua kuwa si hivyo. Maji huchanganyika. Alikokotoa basi hali ya kinyume: tangi ambalo kilichomo kimechanganyika kikamilifu, na kila chembe, iwe imeingia sasa hivi au jana, ina nafasi ileile ya kutoka. Kwa chembe yenye kasi ya kuzama iliyo sawa kabisa na mtiririko uliogawanywa kwa eneo, tangi tulivu lingeikamata kwa asilimia 100. Tangi lililochanganyika huikamata kwa asilimia 50 tu. Kisha akaligawa tangi hilohilo katika vyumba vinavyofuatana, bila kuongeza ujazo wala eneo. Vyumba viwili hutoa asilimia 56. Vyumba vinne, asilimia 59. Vikiwa vingi mno, matokeo hukaribia asilimia 63 na hayapiti hapo. Sehemu inayobaki katika maji ni moja gawanya kwa (1 + x/n) iliyopandishwa kwa kipeo cha n, ambapo x ni uwiano wa kasi ya kuzama kwa kasi ya uso, na n ni idadi ya vyumba. Msomaji aiweke kanuni hiyo akilini, kwa kuwa tutakutana nayo tena Lusaka.

Kwa nini saa hazikuondoka

Historia nyingi za fani hii husimulia kwamba Hazen alipuuzwa hadi Thomas Camp, profesa wa Massachusetts, alipoifufua nadharia yake katika makala za mwaka 1936 na 1946. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanawafanya watendaji waonekane wakaidi kuliko walivyokuwa. Majitaka si maji ya mto yenye mchanga. Chembe zake hugongana, hushikana na kuwa mabonge, na bonge huzama upesi kuliko chembe zilizoliunda. Kwa hiyo muda una athari yake, na kina pia, kwa kuwa safari ndefu ya kuzama hutoa nafasi nyingi za kushikana. Aidha, tope lazima likae mahali, na maji yanayopita kwa kasi karibu na sakafu hulizoa tena. Mhandisi aliyeendelea kuandika "saa mbili" katika mpango wake alikuwa anajilinda dhidi ya mambo ambayo kanuni ya eneo haikuyataja.

Mfumo wa tope amilifu, uliotangazwa na Edward Ardern na William Lockett mjini Manchester mwaka 1914, uliongeza utata mwingine ambao bado huwakwaza wanafunzi. Tangi la mwisho katika mfumo huo hupokea mitiririko miwili: majitaka yenyewe na tope linalorudishwa. Chukua mita za ujazo 400 kwa saa za majitaka, 200 za tope la kurudishwa, na eneo la mita za mraba 500. Kasi ya uso ni 400 gawanya kwa 500, yaani mita 0.8 kwa saa, si mita 1.2, kwa kuwa zile 200 hutokea chini na hazipandi kuelekea ukingo wa juu. Lakini mzigo wa tope sakafuni lazima uhesabiwe kwa 600 zote: zikiwa na kilo 3 za yabisi kwa kila mita ya ujazo, ni kilo 3.6 kwa mita ya mraba kwa saa. Tangi moja, mitiririko miwili tofauti, na zote mbili ni sahihi mahali pake.

Mtiririko wenyewe ulipimwaje? Hapa historia ni fupi na ya kutia moyo. James Thomson, aliyefanya majaribio yake Belfast, alionyesha karibu na mwaka 1860 kwamba kizingiti chenye mkato wa pembetatu hupima vyema mitiririko midogo kwa mikubwa, kwani mtiririko hupanda kwa kipeo cha 2.5 cha kina cha maji juu ya ncha ya mkato. Katika mkato wa pembe mraba, sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Kwa majitaka yenye matambara na mchanga, kizingiti huziba, na mfereji uliobanwa katikati ambao Ralph Parshall aliukamilisha Colorado katika miaka ya 1920 kwa ajili ya maji ya umwagiliaji ulikuja kuwa kifaa cha kawaida mlangoni mwa mitambo. Vifaa vyote viwili havihitaji umeme. Anayekwenda kukagua mtambo hahitaji zaidi ya rula iliyosimamishwa mahali pake na jedwali lililobandikwa ukutani.

Nchini Uingereza, Tume ya Kifalme ya Uondoaji wa Majitaka, iliyoundwa mwaka 1898, ilipendekeza katika ripoti yake ya nane ya mwaka 1912 kiwango maarufu cha miligramu 30 za yabisi zinazoelea na 20 za mahitaji ya oksijeni kwa lita. Kando ya kiwango hicho yakaimarika mazoea ya kuuhesabu mtiririko kwa mafungu ya mtiririko wa siku zisizo na mvua: mara tatu yake hutibiwa kikamilifu, mara sita huanza kumwagwa. Mazoea hayo yalisafiri pamoja na wahandisi wa serikali ya kikoloni. Yalikuwa mazoea ya nchi ambayo mvua yake hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, na ambayo mfereji wake huchukua majitaka pamoja na maji ya mvua.

Mgawanyo wa muda

Mwaka 1953 Peter Danckwerts wa Cambridge aliliuliza upya swali letu la kwanza na kukataa kulijibu kwa namba moja. (Huyu ndiye aliyepewa Msalaba wa George mwaka 1940 kwa kutegua mabomu yaliyoangushwa kwa miavuli London, pengine mtu wa namna hiyo ana sababu yake ya kutojali wastani.) Alisema kwamba kila fungu dogo la maji lina muda wake wa ukaaji, na kwamba kinachopaswa kutafutwa ni mgawanyo wa mida hiyo yote. Njia ya kuupata ni kutia chumvi au rangi mlangoni kwa mara moja na kupima kinachotoka, saa baada ya saa. Katika tangi lililochanganyika kikamilifu, asilimia 63 ya maji hutoka kabla ya muda wa ukaaji uliokokotolewa. Wengi wa wale wanaosemekana kukaa saa tatu hawakukaa saa tatu.

Kwa chembe za udongo, hilo ni suala la ufanisi. Kwa bakteria wa kinyesi ni suala jingine kabisa, kwa sababu maji yaliyokatiza njia kwa nusu saa huweza kubeba vimelea vingi kuliko maji mengine yote yaliyotulia.

Lusaka na mabwawa

Mabwawa ya kutibu majitaka hayana mashine. Mwanga wa jua, mwani na muda ndivyo vinavyofanya kazi, na siku ndizo kipimo badala ya saa. Kwa nchi zenye joto na ardhi ya kutosha yalikuwa chaguo la wazi, lakini hadi miaka ya 1950 yalichimbwa kwa kanuni za kukisia. Gerrit Marais, aliyefanya kazi Lusaka wakati huo nchi ikiwa Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha pamoja na V. A. Shaw mwaka 1961 nadharia ya usanifu wa mabwawa kwa Afrika ya Kati na Kusini. Waliyachukulia mabwawa kuwa yamechanganyika kikamilifu, na uharibikaji wa uchafu kuwa sawia na kiasi kilichopo. Kwa mabwawa n yanayofuatana yenye muda sawa, bakteria wanaobaki ni wale walioingia, gawanya kwa (1 + kθ) kwa kipeo cha n. Hapa k ni kasi ya kufa kwa bakteria kwa siku, na θ ni muda wa ukaaji katika bwawa moja.

Ni kanuni ya Hazen. Kuzama kumebadilishwa na kufa, vyumba vimekuwa mabwawa, lakini umbo ni lilelile, kwa sababu ileile: katika kila chombo kilichochanganyika, hasara ni sawia na kilichomo. Tofauti iko katika ukubwa wa namba, na tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha ramani za ujenzi. Mwaka 1974 Marais alitoa thamani ya k kuwa 2.6 kwa siku katika nyuzijoto 20, ikipanda kwa kizidisho cha 1.19 kwa kila nyuzi moja. Katika nyuzijoto hizo 20, bwawa moja la siku 20 hupunguza bakteria mara 53. Mabwawa manne ya siku 5 kila moja, yenye jumla ileile ya siku 20, huwapunguza mara 38,416. Kugawanya tangi la Hazen katika vyumba vinne kulitoka asilimia 50 kwenda 59. Kugawanya bwawa la Marais kulitoka makumi kwenda maelfu ya makumi. Kanuni ambayo katika tangi la kutuamisha ilikuwa marekebisho madogo, katika bwawa ikawa ndiyo hoja yenyewe ya usanifu.

Ni hapa pia ambapo kosa la kukadiria mtiririko hupata uzito. Tuseme majitaka yanaingia na bakteria 10,000,000 kwa kila mililita 100. Kwa mpango wa mabwawa manne, yanatoka na 260 hivi, chini ya kikomo cha 1,000 ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 1989 kwa umwagiliaji wa mboga zinazoliwa mbichi. Sasa mji ukue na mtiririko uwe maradufu. Kila bwawa linabaki na siku 2.5, upungufu unakuwa mara 3,164, na maji yanatoka na bakteria karibu 3,160 kwa mililita 100. Mtiririko umeongezeka mara mbili. Bakteria wanaomwagika kwa siku wameongezeka mara 24. Mkulima aliye chini ya mfereji haoni tofauti yoyote, kwani maji yana rangi ileile ya kijani, na mchicha unastawi vilevile.

Mtiririko unaowekwa katika kanuni hiyo, kwa kawaida, haupimwi. Hukadiriwa kwa kuzidisha idadi ya watu kwa lita za maji zinazotarajiwa kutumiwa, kisha kwa 0.8, ikichukuliwa kwamba sehemu nne kwa tano za maji hurudi katika mfereji. Katika mji ambao maji ya bomba huja kwa zamu, makadirio hayo hukosea kwa pande zote mbili: siku za mgao mfereji hukauka, na maji yakirudi kila nyumba hujaza na kufua kwa pamoja. Wastani wa juma unaweza kuwa sahihi huku hakuna siku hata moja iliyofanana nao.

Mwongozo wa Afrika Mashariki

Duncan Mara, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970 na kuchapisha mwaka 1976 kitabu juu ya utibuji wa majitaka katika nchi za joto, aliichukua kanuni ya Marais na kuieneza. Mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa mwongozo wa usanifu wa mabwawa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyatumia mabwawa yaliyomo katika eneo la chuo kujaribia vielelezo vya namna hiyo, wakiongeza athari za mwanga, oksijeni na mwani ambazo k moja haiwezi kuzibeba.

Mwongozo wa 1992 una marekebisho moja ambayo matangi ya Manchester hayakuyahitaji. Bwawa hupoteza maji kwa uvukizi, kwa hiyo mtiririko wa kuingia si ule wa kutoka, na muda wa ukaaji hukokotolewa kwa wastani wa hiyo miwili. Bwawa la mita za mraba 10,000 na kina cha mita 1.5 likivukiza milimita 6 kwa siku hupoteza mita za ujazo 60. Likipokea 1,000 kwa siku, muda unatoka siku 15 kwenda 15.5, tofauti isiyo na madhara. Likipokea 200, unatoka siku 75 kwenda 88. Na likipokea 60 tu, kama hutokea katika mradi uliojengwa kwa ajili ya nyumba ambazo hazijaunganishwa na mfereji, wastani ni 30 na kanuni inatoa siku 500, ingawa katika bwawa hilo hakuna tone linalotoka, na chumvi yote iliyoingia bado imo ndani.